Njiti ya Dhahabu Ilikuwa Yangu

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Daftari hili ni la maabara. Nimelikuta kabatini, halina hata mstari mmoja ulioandikwa, na kila ukurasa una safu tatu: saa, joto, shinikizo. Nilijaza mengi kama hili kwa miaka thelathini na minane kule kiwandani, nikipima moshi wa injini za dizeli. Shajara sijawahi kuandika. Lakini kuandika kipimo papo hapo, kabla kichwa hakijakipamba – hilo nalijua.

Basi. Saa tatu asubuhi. Oksijeni: 89. Miguu: imevimba. Hamu ya kula: vipande viwili vya keki ya tofaa.

Daktari amesema moyo umechoka, na kilichobaki ni wiki, si miezi. Nikamwuliza kama wiki hizo zinafika tarehe 20. Akauliza kuna nini tarehe 20. Chakula cha jioni cha kikosi cha zimamoto, nikamwambia. Chapati za maji na soseji. Akacheka, akasema huenda.

Huenda! Nimefanya kazi na makadirio mabaya kuliko hayo.

Kuna jambo moja la kumwambia mtu mmoja kabla sijaondoka. Mtu huyo ni Palmer Stensrud, shemeji yangu, mume wa dada yangu Ardis. Ana miaka themanini na sita, mimi themanini na saba. Kila asubuhi saa moja na nusu ananipigia simu.

"Bado?"

"Bado."

"Haya. Kesho."

Anakata. Ndiyo mazungumzo yetu yote, na ndiyo yanayoniamsha.

Mwaka 2011 banda la nyasi la Palmer liliteketea. Mji wetu wote mdogo wa Tverdal unaamini alilichoma mwenyewe kwa kiko chake. Nililichoma mimi.

Haya, nimeandika. Kalamu haikuvunjika.


Jumanne, 9 Septemba 2025

"Bado?" "Bado."

Mchana alikuja Britt, binti yao Palmer na Ardis. Ndiye mkuu wa zimamoto hapa, kiti alichokalia baba yake zamani. Kaleta bakuli la tambi na nyama linalotosha watu tisa. Hapa kwetu mgonjwa hapewi pole, anapewa tambi.

Kumbe alikuwa na shida yake.

"Mjomba, gari kubwa limewasha taa ya rangi ya chungwa. Imechorwa kisanduku chenye vitone ndani. Na jana limekosa nguvu kabisa kilima cha kanisani. Lilipitwa na baiskeli!"

Nilisikia damu ikitembea. Taa ile naijua! Nilikuwa kwenye kamati iliyobishana siku mbili vitone viwe vingapi.

Nikachukua bahasha nikamchorea. Moshi ukitoka kwenye injini unapita vyumba vitatu. Cha kwanza ni sega la kauri, kama la nyuki, lililopakwa platini. Mabaki ya mafuta na gesi za sumu zinaungua humo bila mwali. Cha pili ni chujio. Lina vijia maelfu, kimoja kimezibwa mbele, jirani yake kimezibwa nyuma, kwa hiyo moshi unalazimika kupenya ukutani na masizi yanabaki. Kabla ya cha tatu tunanyunyizia maji yenye urea.

"Yale ya tangi lenye kifuniko cha buluu?"

"Hayo hayo. Joto linayageuza kuwa amonia, na chumba cha tatu amonia inaimaliza ile gesi ya naitrojeni inayochoma macho na koo. Kinachotoka nje ni naitrojeni safi na mvuke. Hewa, Britt. Unaingiza moshi mweusi, unatoa hewa!"

"Mjomba, umepata rangi mashavuni."

"Gari lenu linakwenda wapi kwa kawaida?"

Akafikiri. "Kwenye gwaride."

"Na kutoka hapo?"

"Kwenye chapati."

Basi ndiyo hayo. Lori la safari ndefu linapata moto barabarani na masizi yanaungua yenyewe. Gari lao linanguruma mahali pamoja mwaka mzima, limepoa, linajaza chujio. Wanalilisha masizi hawalipi joto hata siku moja. Nikamwambia kuna kitufe. Unaegesha, unabonyeza, injini inapandisha mzunguko yenyewe, dizeli kidogo inatiwa kwenye moshi, inaungua chumba cha kwanza, na chumba cha pili kinafika nyuzi mia sita. Dakika thelathini au arobaini. Masizi yanakwisha, taa inazimika.

"Nyuzi mia sita," akasema Britt taratibu. Yeye ni mtu wa moto. "Na bomba linatazama wapi?"

Nikasema nimechoka, nataka kulala. Kweli nilikuwa nimechoka.


Alhamisi, 11 Septemba 2025

Leo nguvu ipo. Niandike yote.

Jumamosi, 17 Septemba 2011. Nilikuwa na miezi mitano tangu nistaafu, na lori jipya, lenye chujio tulilolibuni mimi na wenzangu sita. Nikaenda kumringia Palmer. Niliegesha kando ya banda lake, penye kivuli, juu ya nyasi kavu zilizodondoka wakipakia marobota. Taa ikawaka. Nilifurahi! Nikasema sasa shemeji ataiona kazi yangu. Nikabonyeza kitufe, injini ikapanda, nikaingia ndani kumwita.

Ardis akanikaribisha kahawa. Kwetu kahawa inakataliwa mara mbili kwa adabu; ya tatu ndiyo unaketi. Nikakataa. Nikakataa tena. Nikaketi. Palmer akaingia akitokea nyuma ya banda alikokuwa akivuta kiko, naye akakataa mara mbili nyumbani kwake mwenyewe, akaketi. Dakika ishirini na tano za adabu.

Nilinusa mimi kwanza. Nikatoka mbio peke yangu. Chini ya bomba palikuwa na duara jekundu, pana kama sinia, na moto ulishaanza kulamba mbao za banda.

Nilifanya nini? Niliingia kwenye lori, nikaliondoa. Nikalipeleka kwenye kokoto, mbali. Niliporudi, duara halikuwepo tena. Kila kitu kilikuwa moto.

Hakuumia mtu. Ng'ombe walikuwa malishoni. Paka saba walitoka mbio, na wa nane, ambaye hakuna aliyejua yupo, akatoka akitembea. Kikosi kilifika, na mkuu wao, Palmer mwenyewe, akakipokea akiwa amevaa viatu vya nyumbani.

Mtu akasema: kiko chako hicho, Palmer. Si mimi niliyesema. Lakini sikukanusha. Jumapili iliyofuata nilishukuriwa kanisani kwa ujasiri wa kuliokoa lori karibu na moto. Walipiga makofi! Katika kanisa ambalo halijawahi kupiga makofi hata kwenye harusi.

Na sababu ya kunyamaza? Ukurasa wa 112 wa kitabu cha lori lile. "Usiegeshe juu ya majani makavu wakati wa kuchoma masizi." Maneno hayo ni yangu. Niliyaandika upya mara tisa hadi wanasheria wakaridhika. Mtu aliyeandika onyo ndiye aliyeegesha juu ya majani. Sikuweza kuwatazama wenzangu machoni nikiwa na hadithi hiyo. Nikachagua wamcheke Palmer.

Palmer akajiuzulu ukuu wa zimamoto. Akaacha kiko siku ile ile. Mwaka uliofuata kikosi kikachonga njiti ya kiberiti ya mti, ndefu kama fimbo, kikaipaka rangi ya dhahabu, kikampa. Tangu hapo kila Septemba anapewa Njiti mtu aliyefanya upumbavu mkubwa kuliko wote mwaka huo, na Palmer ndiye anayeikabidhi. Anasimulia upya habari ya kiko chake, watu wanacheka hadi wanalia. Naye anacheka. Anacheka vizuri mno.

Oksijeni: 86. Nimeandika sana. Inanipendeza.


Ijumaa, 12 Septemba 2025

Siku gani hii! Nimetoka nyumbani. Mara ya kwanza tangu Julai.

Britt alipiga simu saa nne. Wamebonyeza kitufe, gari linakataa. Nikamwuliza breki ya kuegeshea? Imevutwa. Gia? Haijatiwa. Maji ya injini? Yamepata moto.

"Pampu ya maji ya kuzimia?"

Nikamsikia akipaza sauti kwa wenzake: nani amegusa swichi ya pampu? Sauti kutoka mbali ikasema haijazimwa tangu gwaride, walipokuwa wakiwarushia watoto maji. Basi! Injini inadhani bado mnazima moto, nikamwambia, na ina akili kuliko nyinyi. Haiwezi kuanza kuoga katikati ya kazi. Zimeni.

Kisha nikasema: njoo unichukue. Nataka kuona. Muuguzi Lavonne alikuwepo, akanikunjia uso, halafu akanikunjia blanketi. Nikatoka na mtungi wangu wa oksijeni kama mbwa mdogo kwenye kamba.

Tulipofika ukumbi wa zimamoto nikaliona gari. Jekundu, zuri, limeng'arishwa. Wameliegesha kwenye majani ya pembeni. Na kulizunguka wamepanga marobota ya nyasi kavu, mapambo ya Jumamosi ijayo! Nyasi zimetapakaa hadi chini ya bomba. Kijana mmoja alikuwa juu, kidole kwenye kitufe.

Sikujua bado nina sauti ile. "ACHA! Ondoa hilo gari hapo! Ondoa!"

Mrija ulinitoka puani. Britt alinirudishia, akaamuru gari lipelekwe kwenye saruji, akaja akachuchumaa mbele ya kiti walichonikalisha.

"Mjomba, umeruka kama umemwagiwa maji ya moto."

"Bomba linatazama chini. Nyuzi mia sita zinaanza ndani, zinatoka nje bado mia nne, mia tano. Nyasi haihitaji hata mia tatu."

"Kwa hiyo lori likisimama juu ya nyasi kavu…"

"Ndiyo."

"…likiwa linachoma masizi…"

"Ndiyo, Britt."

Akanitazama kwa muda mrefu. Halafu akatazama upande wa shamba la baba yake, ambalo kutoka pale linaonekana, na banda jipya la bati. Akanifunga vizuri blanketi. Akasema leo hawatachoma, wataliweka hadi Jumamosi ya chapati, mbele ya watu, liwe somo.

Mtoto wa Palmer huyo. Anajua kusubiri moto ujionyeshe.


Jumapili, 14 Septemba 2025

Ardis alikuja baada ya ibada na chapati za viazi, zimepakwa siagi na sukari. Nikala mbili. Nikamwambia.

Aliketi kwanza. Akavua glavu kidole kimoja kimoja. Ana miaka themanini na mbili, na hata sasa akinitazama hivyo najiona nimevunja kikombe cha mama.

"Orville. Usimwambie."

Nilitegemea kila kitu isipokuwa hilo.

"Kiko kile kingemwua miaka kumi iliyopita. Moto wako umeniachia mume. Mapazia yangu meupe! Unajua mara ya mwisho nimefua pazia kwa sababu ya tumbaku? Nenda zako kimya kimya, kama mtu mwenye heshima."

"Heshima ndiyo iliyonifikisha hapa, Ardis."

Akala chapati yangu ya tatu. Alipofika mlangoni akasimama, hakugeuka.

"Na mimi nimemsimanga miaka kumi na minne. Hata akiwasha jiko la nyama nasema: angalia banda." Akavaa glavu. "Fanya unavyotaka. Lakini akirudia kiko, nahamia huku kwako."

"Wiki chache tu, basi."

"Nitavumilia," akasema, na tukacheka wote wawili, sisi wazee wawili, hadi nikakohoa.


Jumatatu, 15 Septemba 2025

Saa moja na nusu. "Bado?" "Bado. Njoo unywe kahawa." "Hapana, usijisumbue." "Njoo." "Hapana bwana, utachoka." "Palmer, njoo." "Haya."

Alikuja saa nne na kofia yake yenye nembo ya kampuni ya mbegu za mahindi. Nilimwambia kabla hajaketi, ili adabu isiingie tena kati yetu. Nilisema kila kitu. Kitufe. Duara. Lori. Kokoto. Makofi ya kanisani.

Alisikiliza amesimama. Akauliza jambo moja.

"Nyuzi ngapi?"

"Mia tano hivi, kwenye mdomo wa bomba."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayejumlisha. Akaweka kikombe juu ya meza, kimejaa. Akatoka. Nikalisikia gari lake likiwashwa, likitulia kidogo pale nje, likaondoka.

Oksijeni: 88. Sijui kwa nini imepanda.


Jumanne, 16 Septemba 2025

Saa moja na nusu. Simu kimya.

Saa mbili, kimya. Niliinua mkono wa simu kuhakikisha laini ipo. Ipo.


Jumatano, 17 Septemba 2025

Miaka kumi na minne leo. Simu kimya.

Nilimwambia Lavonne naweza kufa leo bila mtu kuuliza. Akasema yeye atauliza, lakini ni lazima ajaze fomu. Nimempenda mwanamke huyu.


Alhamisi, 18 Septemba 2025

Ardis alipiga. Sauti ya chini, yuko kwenye chumba cha kufulia.

Palmer hajasema neno tangu Jumatatu. Amekaa kwenye banda la bati. Ametoa kiko cha zamani – alikificha miaka yote ndani ya buti la mpira! – anakigeuza mkononi. Hakukiwasha. Jana alitoka akasimama nyuma, pale banda la mbao lilipokuwa na ukuta wake wa magharibi, akawa anakanyaga ardhi. Anainua mguu, anakanyaga, anasaga kisigino. Mara nyingi.

"Nikadhani amepata kiharusi," akasema Ardis. "Nikatoka. Nikamkuta anatabasamu."

Anatabasamu! Sielewi. Nimezunguka na neno hilo chumbani siku nzima, kwa kadiri mrija unavyofika.


Ijumaa, 19 Septemba 2025

Saa moja na nusu mlango uligongwa. Si simu. Mlango.

"Bado?"

Alikuwa pale, kiko mdomoni, bila moto.

"Bado," nikasema. "Usiwashe hicho. Nina oksijeni, utatulipua wote."

"Mtaalamu wa moto amesema."

Akaingia. Nikampa kahawa, akaipokea mara ya kwanza. Miaka sitini namjua, hajawahi. Hapo nikajua jambo ni zito.

Halafu akasema, na nayaandika kama alivyoyasema maana aliyasema mara moja tu:

"Banda lilikuwa mbao, Orville. Mbao zinanunuliwa. Sikiliza. Siku ile niligonga kiko kwenye kisigino cha buti, majivu yakaanguka kwenye udongo mtupu, nikakanyaga. Nikasaga. Nilikuwa mkuu wa zimamoto, nilifanya hivyo mara kumi kwa siku. Niliwaambia. Wakanipigapiga bega. Ardis alinipigapiga bega. Mwaka wa pili nikaanza kusema labda. Mwaka wa tano nikaziona cheche. Unanisikia? Nilizikumbuka! Cheche ambazo hazikuwepo, naziona zinaruka kuelekea ukutani, usiku na mchana. Ukaniacha niwe na cheche zile."

Nilisema nimekosa. Neno dogo, linaloteleza kama sabuni. Nikalisema tena.

"Na kiti changu," akasema. "Nilikiacha mwenyewe kwa sababu mkuu hawezi kuwa mtu asiyeamini mguu wake."

Tukakaa. Jua lilikuwa limefika kwenye meza. Ghafla akapiga goti lake, kofia ikamwanguka.

"Lakini nilikanyaga! Unaona? Nilikanyaga, bwana wee! Juzi nimekwenda pale nikakanyaga tena, na mguu ukakumbuka. Miaka yote mguu ulikuwa sahihi!" Akacheka. Si kile kicheko kizuri mno cha ukumbini. Hiki kilikuwa kibaya, cha mluzi puani, sijakisikia tangu tukiwa vijana. Nami nikacheka, nikalia, mashine ya oksijeni ikapiga kengele, Lavonne akaingia mbio na kutukuta hivyo.

Alipokuwa akiondoka nilimwuliza kama amenisamehe.

"Sijafika huko. Kesho nakuchukua saa kumi na moja. Vaa tai."

"Utasema nini ukumbini?"

"Vaa tai, shemeji."


Jumamosi, 20 Septemba 2025

Saa kumi na moja na nusu jioni. Ukumbi wa zimamoto. Nimekuja na daftari. Jaribio linaandikwa likiwa linaendelea, sijui njia nyingine. Tai nimevaa. Oksijeni: 87. Meza ya mbele. Tumesafiri na Palmer dakika kumi, amesema maneno mawili: "mkanda" na "mvua".

Gari liko nje kwenye saruji, mlango mkubwa umefunguliwa tulione. Koni za barabarani pande zote, mpira wa maji umejazwa tayari, na marobota ya mapambo yako upande wa pili wa barabara kabisa. Britt amewaeleza watu vyumba vitatu, kwa bahasha yangu ile ile mkononi. Hakukosea hata kimoja. Akabonyeza.

Saa kumi na moja na dakika arobaini. Injini imepanda. Mngurumo unagongesha vijiko kwenye sahani. Watoto wameziba masikio na wamefurahi.

Saa kumi na moja na hamsini. Moshi hakuna. Kila mtu anatazama mdomo wa bomba akitegemea moshi, na kuna hewa tu inayotetemeka, na nyuma yake mnara wa kanisa unapindapinda kama uko ndani ya maji. Maisha yangu yote ya kazi yako pale katika hewa ile. Harufu kama pasi ya moto juu ya kitambaa kibichi. Mkulima aliyekaa kwangu kulia amesema: si mbaya. Mtu wa hapa hana sifa kubwa kuliko hiyo.

Chapati tatu. Soseji moja. Ardis anasema nimekula kama mkata miti. Ameangalia mifuko ya koti la Palmer mara mbili, anatafuta tumbaku.

Saa kumi na mbili na dakika kumi na nane. Taa imezimika! Britt amenyoosha dole gumba kutoka kiti cha dereva. Injini imeshuka, inasema taratibu kama paka. Watu wamepiga makofi. Kwa chujio! Nilijiona nikitaka kusimama niiname.

Sasa Njiti. Palmer anapanda jukwaani. Ameishika begani kama bunduki, na wameanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Wanajua kinachofuata: kiko, banda, viatu vya nyumbani.

Hacheki.

Amesema: "Mwaka huu sina hadithi ya kiko." Mtu amepiga mluzi nyuma, ameuliza, basi umechoma nini, Palmer? Vicheko. Amesubiri viishe. Britt amesimama mlangoni, mikono kifuani, hamtazami baba yake, ananitazama mimi.

Amesema: "Njiti ya kwanza kabisa kikosi kilimpa mtu asiye mwenyewe, na miaka kumi na minne mnamcheka bure."

Sufuria za jikoni zimenyamaza. Ardis ameshika mkono wangu wa kushoto. Wa kulia naandika.

Palmer ameteremka ngazi ya kwanza. Ya pili. Njiti iko mkono mmoja, na mkono wa pili ameunyoosha kuelekea meza yetu. Sijui kama ananionyesha kidole au ananipa mkono. Taa ziko nyuma yake, na macho yangu hayafiki tena hadi pale.

Itabidi nisimame nikaone.